Kanuni Ifuate Betri, Isifuate Jina la Bidhaa

Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu, Shirika la Viwango Tanzania (TBS), Ubungo, Dar es Salaam

Nakala: Tume ya Ushindani, Taasisi ya Viwango Zanzibar, Wizara ya Afya, wafanyabiashara wa jumla wa Kariakoo

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

YAH: BETRI BAPA KATIKA BIDHAA ZINAZOFIKA MIKONONI MWA WATOTO WADOGO

Ningeweza kupeleka bahasha masijala nikapigiwa muhuri wa kupokelewa, lakini nimeona niandike hadharani kwa sababu jambo lenyewe limo hadharani. Limetandazwa juu ya maturubai Mtaa wa Kongo, limening'inia kwenye fremu za Aggrey, na jioni linapitishwa dirisha kwa dirisha kwenye foleni ya Ubungo, jirani kabisa na geti lenu. Nazungumzia zile betri ndogo za duara, bapa, zinazong'aa, ambazo wengi tunaziita betri za saa.

Zamani zilikuwa za saa kweli. Leo zimo kwenye viatu vinavyowaka kila mtoto akikanyaga, kwenye pete na kalamu za taa zinazouzwa Sabasaba na viwanja vya Idd, kwenye kadi za kuzaliwa zinazoimba ukizifungua, mishumaa ya plastiki ya juu ya keki, vipimajoto, mizani ya jikoni, vikokotoo, funguo za magari. Na zimo kwenye rimoti.

Niruhusu nikae kidogo kwenye rimoti moja. Zile taa za mkanda zinazobadilisha rangi, ambazo siku hizi ziko saluni, baa za mtaani na pembezoni mwa kila dari la jipsamu, huja na rimoti nyeupe, nyembamba, yenye vitufe vya rangi 24 au 44. Kwa chini ina kitrei cha plastiki. Unabana kijino chake kwa kucha, unavuta, kinatoka na betri yake: CR2025, kipenyo milimita 20, volti 3. Haina skrubu wala kizuizi chochote. Nimeiangusha ya kwetu kwenye vigae kutoka usawa wa kochi. Kitrei kikachomoka chenyewe na betri ikabingirika hadi chini ya kabati la televisheni. Mtoto anayetambaa ndiye wa kwanza kuona kilicho chini ya kabati la televisheni, na mtoto anayetambaa huchunguza kila kitu kwa mdomo.

Naomba nieleze kinachofuata bila kupunguza, maana nimegundua hata watu waliosoma hawakijui. Betri ya milimita 20 ikimezwa na mtoto wa mwaka mmoja au miwili, mara nyingi haifiki tumboni. Hukwama kwenye umio, njia ya chakula, ambayo kwa umri huo bado ni nyembamba. Huenda isimkabe. Mtoto anapumua, pengine hata maji anakunywa. Wengi hudhani hatari ni betri kupasuka na kuvuja sumu. Sivyo. Unyevu wa umio unaunganisha pande mbili za betri, na umeme unaanza kupita kwenye nyama ya mtoto. Kwenye upande hasi, ule mdogo usio na maandishi, umeme huo unazalisha alkali kali, ya jamii ile ile ya kostiki soda inayopikiwa sabuni. Alkali hiyo inayeyusha nyama. Ndani ya saa 2 jeraha linaweza kuwa la hatari. Betri ikishatolewa, jeraha linaweza kuendelea kuchimba kwa siku kadhaa hadi kutoboa njia ya hewa au mshipa mkuu wa damu ulio jirani. Kuna watoto walioonekana wamepona, kisha wakatapika damu.

Betri iliyokwisha nayo si salama. Fundi saa ninayempelekea saa yangu hufungua mfuniko, hung'oa ya zamani kwa kibano, huweka mpya, na ile ya zamani huidondosha mchangani miguuni pake. Nilipomuuliza akasema, "Hiyo imeshakufa, mama." Haijafa. Betri iliyoshindwa kuwasha rimoti bado inaweza kubaki na umeme wa kutosha kuunguza umio. Pembeni ya meza yake palikuwa na mtoto wa muuza karanga, amekaa chini anachora mchanga kwa kijiti.

Mnajua wenyewe hali ya zahanati zetu. Mtoto aliyemeza betri hutoka udenda, anakohoa, anakataa kula, anatapika, anakuwa msumbufu. Ndivyo alivyo pia mtoto mwenye mafua, tonsilesi au nimonia. Kama hakuna aliyemwona akimeza, na mara nyingi hakuna, atapewa dawa ya kikohozi na kurudi nyumbani. Hata akifika penye eksirei, betri inafanana na sarafu. Ukiitazama kwa makini utaona ukingo wake una duara mbili, moja ndani ya nyingine, lakini asiyeambiwa aitafute hiyo duara ya pili ataandika "sarafu", na sarafu huweza kusubiri mgonjwa apate nafasi kesho.

Kisha kuna kuitoa. Panahitajika daktari mwenye kifaa cha kuingia kooni, mtaalamu wa usingizi anayejua watoto, na chumba cha upasuaji kilicho tayari. Tunaitaja Muhimbili, KCMC, Bugando, hospitali za kanda. Mtoto wa Liwale, wa Kibondo, wa Kisiwa cha Mafia, saa zake 2 huisha familia ikiwa bado inatafuta gari au boti. Nchi zenye ambulensi inayofika kwa dakika chache zimezika watoto kwa sababu ya betri hizi. Sisi tulio mbali na chumba cha upasuaji tuna sababu kubwa zaidi ya kulizuia jambo hili bandarini.

Hapo ndipo linapokuwa lenu, Ndugu Mkurugenzi.

Viwango vya kimataifa vya vichezeo vimelizungumzia siku nyingi. Kichezeo kinachotumia betri ndogo kama hii kinatakiwa mahali pa betri pafungwe ili pasifunguke bila kifaa, kwa mfano bisibisi, au bila kufanya vitendo viwili tofauti kwa wakati mmoja. Kuna hata kile kipimo cha silinda chenye kipenyo cha milimita 31.7: kinachotumbukia humo huhesabiwa kuwa kinaweza kumezwa au kumkaba mtoto. Ukinunua gari la kuchezea la maana utaiona skrubu tumboni mwake.

Lakini rimoti ya taa si kichezeo. Mshumaa wa keki si kichezeo. Kiatu ni kiatu, kadi ni karatasi, mzani ni chombo cha jikoni. Kwenye duka moja la jumla Kariakoo niliona ndoo imejaa pete za taa, kila moja ina kichwa cha katuni na betri mbili zinazoonekana kwa nyuma, zimeshikiliwa na kipande cha plastiki kinachofunguka kwa kidole gumba. Nikamuuliza kijana muuzaji kama hazina hatari kwa watoto. Akanijibu kwa adabu kabisa: "Mama, hivi siyo vya kuchezea. Hivi ni mapambo ya shughuli." Nikatazama boksi. Kweli, kwa nje waliandika mapambo. Kwa ndani kulikuwa na katuni, na wateja waliokuwa wakichota kwa kiganja walikuwa wakinunua za watoto wa chekechea.

Simlaumu yule kijana. Kazi yake ni kuuza kilichoshuka kwenye kontena. Kontena lenyewe mara nyingi ni la watu wengi waliochangia nafasi, kila mmoja na maboksi yake kutoka Guangzhou au Yiwu, na karatasi inayotangulia ina majina ya jumla: mapambo, vifaa vya umeme, viatu. Utaratibu wenu wa kukagua shehena kabla haijasafirishwa, mlioanza nao mwaka 2012, huangalia bidhaa kwa kiwango cha bidhaa hiyo. Ikiitwa pambo, haiulizwi maswali ya kichezeo. Betri ni ile ile, mtoto ni yule yule.

Ombi langu kuu ni moja, na mengine yote yanalifuata: kanuni ifuate betri, isifuate jina la bidhaa. Bidhaa yoyote ya matumizi ya nyumbani inayoingia au kutengenezwa nchini ikiwa na betri bapa, iwe rimoti, pete, kiatu au mzani, iwe na mahali pa betri palipofungwa kwa skrubu au kwa namna ambayo mtoto mdogo hawezi kuifungua, na pabaki pamefungwa hata bidhaa ikianguka. Skrubu yenyewe ibaki imeshikamana na mfuniko baada ya kufunguliwa, maana skrubu iliyopotea ni mfuniko uliobandikwa kwa gundi ya karatasi. Sote tunazo rimoti za namna hiyo.

Hili halijatoka kichwani mwangu. Mwaka 2010 daktari Toby Litovitz na wenzake wa Marekani walichapisha uchambuzi wa matukio 8,648 ya watu waliomeza betri. Kwa watoto wa chini ya miaka 6, zaidi ya 6 kati ya 10 walikuwa wameitoa betri kwenye kifaa wenyewe. Karibu 3 kati ya 10 waliikuta imezagaa. Waliochomoa kwenye pakiti hawakufika hata 1 kati ya 10. Hesabu hiyo inajibu lile neno la haraka kwamba mzazi afungie betri zake kabatini. Mzazi anayefungia betri za akiba anafanya vizuri, lakini iliyo hatari zaidi iko ndani ya kifaa, juu ya kochi.

Hata baada ya hesabu hiyo Marekani walichelewa. Desemba 2020, huko Texas, mtoto wa kike wa miezi 18 aitwaye Reese Hamsmith alifariki baada ya kumeza betri ya rimoti. Mama yake hakunyamaza, na Agosti 2022 Rais Joe Biden alisaini sheria inayoitwa kwa jina la mtoto huyo. Sheria ya Reese haiulizi kifaa kinaitwaje. Inauliza kama kina betri ya namna hii. Vichezeo vilivyokwisha kuwa na kiwango chake viliachwa huko huko. Sheria ikakamata vile vingine vyote vilivyokuwa vimepenya. Australia walikuwa wametangulia kidogo: kanuni zao za lazima zilianza kutumika tarehe 22 Juni 2022, baada ya kupoteza watoto 3, na zinagusa bidhaa, pakiti ya betri na maonyo yanayoandikwa juu yake.

Sasa fikiria kiwanda kile kile kinachotengeneza rimoti nyeupe. Rimoti ya kuuza Australia sasa lazima ifungwe kwa usalama. Mzigo usioruhusiwa kule hauyeyuki. Hutafuta soko lisilouliza. Sitaki soko hilo liwe letu, na nadhani nanyi hamtaki.

Najua nitaambiwa bei itapanda. Itapanda kwa thamani ya skrubu moja na kitundu chake. Tayari tunalipia zaidi ya hapo kwa boksi la nje lenye picha ya kung'aa. Na nitaambiwa pia mzazi awe makini. Jibu hilo ni la zamani kuliko TBS yenyewe, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, na kama lingetosha tusingehitaji shirika. Familia nyingi mjini hapa huishi chumba na sebule, pengine chumba kimoja. Jiko, kitanda, televisheni na mtoto viko ndani ya hatua 5. Hakuna rafu ya juu ya kutosha. Mama aliyegeuka kupepeta mchele hajawa mzembe.

Mamlaka mnayo. Sheria ya Viwango ya 2009 inatoa njia ya kiwango kufanywa cha lazima, na mzigo wa kazi mpya hauwashindi: mwaka 2019 mlikabidhiwa chakula na vipodozi vilivyokuwa chini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA), na tumewaona mara kwa mara mkiteketeza krimu zenye viambata sumu mbele ya kamera. Si lazima uwe moto. Ingenitosha kuona mkaguzi wenu anapita fremu za Kariakoo na bisibisi mfukoni, anachukua bidhaa inayowaka au kulia, anaigeuza, anajaribu kuifungua kwa kidole. Ikifunguka, ishuke rafuni, iwe imeandikwa mapambo au isiwe. Kipimo hicho hakihitaji maabara, na muuzaji mwenyewe anaweza kukifanya kabla ya kutuma oda.

Pakiti za betri nazo zinahitaji macho. Dukani kwa Mangi zinauzwa zimebanwa kwenye karatasi ya betri 5 au 10, na muuzaji hukata moja kwa mkasi akakupa mkononi. Mteja anaondoka na kitu hicho kwenye mfuko wa shati pamoja na chenji. Pakiti isiyofunguka kwa meno wala vidole vya mtoto, inayokatwa betri moja moja huku kila moja ikibaki imefunikwa, inatengenezwa, tuitake. Na onyo liandikwe kwa Kiswahili. Nimeshika pakiti yenye maonyo ya lugha nne, ikiwamo moja ambayo naamini haizungumzwi na mteja yeyote wa Kariakoo, lakini neno "hatari" halimo. Onyo zuri halihitaji kuwa refu: mtoto akimeza, mpeleke hospitali sasa hivi, usisubiri dalili.

Kwa Taasisi ya Viwango Zanzibar nina neno fupi tu. Pete ile ile ya ndoo ya Kariakoo hupanda boti asubuhi na kabla ya adhuhuri iko Darajani. Kanuni ya upande mmoja wa maji itavuja upande wa pili. Hali kadhalika Namanga, Sirari na Mutukula. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria yake ya viwango ya mwaka 2006, na tumekwisha kuoanisha viwango vya bidhaa nyingi kwa njia hiyo. Ningefurahi kuona Tanzania ndiyo iliyopeleka andiko la betri mezani.

Wizara ya Afya nimeiwekea nakala kwa sababu mzigo uliokwisha kuingia hauwezi kurudishwa wote. Rimoti majumbani mwetu zipo tayari. Wahudumu wa zahanati waambiwe kwamba mtoto mwenye udenda wa ghafla na anayekataa kumeza aulizwe habari ya betri, na kwamba kwenye eksirei duara mbili ni dharura. Wazazi nao waambiwe la kufanya njiani. Wataalamu wa sumu wa Marekani, baada ya utafiti uliochapishwa mwaka 2018, wanashauri asali kwa mtoto aliyetimiza mwaka 1 na anayeweza kumeza, ikiwa betri imemezwa ndani ya saa 12: vijiko 2 vya chai kila dakika 10, visizidi mara 6, huku safari ya hospitali ikiendelea. Asali hupunguza makali ya ile alkali. Haiondoi betri, na mtu asikae nyumbani akinywesha asali. Mtoto wa chini ya mwaka 1 asipewe kabisa. Asitapishwe, asipewe mafuta, asipigwe mgongoni ikiwa anapumua vizuri. Betri iliyoingia puani au sikioni nayo isisubiri: hata zile ndogo za kipimajoto, zisizokwama kooni, zinaweza kutoboa ukuta wa pua.

Kisha kila tukio liandikwe. Wamarekani waliweza kusema 6 kati ya 10 kwa sababu mtu aliandika la kwanza, la pili, la mia, kwa miaka mingi, pamoja na kifaa betri ilikotoka. Muhimbili na hospitali za kanda zikiandika kwenye fomu moja kwamba betri ilitoka kwenye rimoti ya taa, au kiatu, au pete, na fomu hiyo ikafika Ubungo, mtajua bidhaa ipi ifuatwe kwanza. Hivi sasa daktari anaitoa betri, anamshukuru Mungu, anaitupa kwenye chombo cha taka, na ushahidi umekwenda nayo.

Kwenu wafanyabiashara wa jumla: ninyi mnaweza kulianza hili kabla ya tangazo lolote. Mnapopiga picha za sampuli kule Yiwu na kuzituma kwenye simu, pigeni na ya nyuma ya bidhaa. Muulizeni mwenye kiwanda kama anayo ya kufungwa kwa skrubu. Atakuwa nayo, wateja wake wengine wamemlazimisha. Mteja wenu hapa atalipa hiyo tofauti bila kuiona.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu, naandika mapema kwa makusudi. Mapambo na vitu vya kuwaka vya Desemba huagizwa miezi kadhaa kabla, na meli huchukua wiki zake. Tangazo likitoka kabla oda hazijatumwa, mabadiliko yatafanyika kiwandani na hakuna wa kupata hasara. Likitoka mzigo ukiwa tayari bandarini, tutaanza kubembelezana, vibali vya muda vitatolewa, na msimu utapita na pete zake. Kwa hiyo naomba jibu lenye tarehe: lini andiko la kiwango hiki litawekwa wazi kwa maoni ya umma, na kuanzia lini litakuwa la lazima. Nitaleta maoni yangu kwa maandishi, na rimoti ya kwetu nitaiambatanisha kama kielelezo, ikiwa imefungwa kwa gundi ya karatasi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mama wa watoto wawili, Tabata, Dar es Salaam